Jengo Lisilojua Kupiga Goti

Eddo,

Salamu nilikutolea Ijumaa makaburini, mbele ya watu, kwa adabu zake zote, kwa hiyo leo sikusalimii tena. Nimekaa jikoni kwa Mama, chai ya maziwa ya ngamia imepoa mbele yangu, na nina swali moja tu ninalotaka unijibu, wewe uliyekuwa na jibu la kila kitu. Nani alikuwa anakusukuma?

Usinikatize. Najua ungeshaanza kunikatiza. Wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba mchango mzuri bungeni hauanzi na lawama, unaanza na hali ilivyo, ili hata mpinzani wako atikise kichwa kukubali kabla hajajua unampeleka wapi. Basi nakupa hali ilivyo.

Kiti chako cha magurudumu tulikitoa sadaka. Taazia hata haijaisha, Mama akasema kitu cha marehemu kikikaa ndani bila kazi kinawalemea walio hai, na kwamba dada yake huko aliko hahitaji magurudumu. Najua, wewe ni shangazi yangu na wifi yake, si dada yake, lakini amekuita dada tangu siku uliyokufa na hakuna aliyethubutu kumsahihisha. Tukakipakia kwenye lori la vitunguu lililokuwa linarudi Rhamu tupu. Kikaenda kwa Mumina, yule mliyelazwa naye wodi moja Garissa miaka ya nyuma, aliyekuwa akijikokota kwa mikono hadi shambani kwake kando ya mto Daua. Ulimtaja bungeni hadi wenzako wakamchoka. "Mheshimiwa Spika, namjua mwanamke ambaye viganja vyake vimeota sugu kama kisigino." Sasa amepumzika. Alinipigia simu akilia kwa furaha. "Abaayo, dada yangu, leo nimefika shamba na nguo safi." Akaniambia pia kwamba gurudumu la kushoto amelibadilisha, maana lilikuwa linaburuta.

Nilicheka. Gurudumu lile ulimkatalia kila fundi. Ulisema linakutangaza: watu wakiuona ule mstari mchangani wanajua Hubi Langare amepita, hawana haja ya kuuliza. Karani wa Bunge letu la kaunti, mgeni kutoka Nairobi, hakukubali kamwe kuliandika hilo la Langare. Alidhani ni tusi. Hakujua kwetu mtu huitwa kwa mwili wake tangu utotoni, na kwamba wewe uliitwa Langare, yaani kiguru, ungali unachechemea nyuma ya mbuzi kule Hadado, kabla miguu haijakataa kabisa. Ulichokichukia ni pale waliposema "wenzetu wasiojiweza." Hapo ndipo ulipowaka. "Mimi najiweza, Mheshimiwa Spika. Jengo hili ndilo halijiwezi."

Haya. Siku ya kwanza ya kikao baada ya taazia nilikwenda bungeni kuchukua vitu vyako: ile shali ya kijani, kikombe chako, msahafu mdogo. Unajua pale mbele hapana lami wala saruji, ni mchanga mtupu kutoka lango hadi ngazi. Ilikuwa asubuhi, jua limeshatoka, korongo wamejipanga juu ya paa kama kawaida yao, wametukodolea macho.

Na mchangani, Eddo, kulikuwa na mistari miwili ya magurudumu.

Ilitoka langoni, ikanyooka hadi ngazi ya kwanza, ikaishia hapo. Haikugeuka. Haikurudi. Mstari wa kushoto ulikuwa na ule mburuto wake, kama mtu anayekokota ncha ya fimbo.

Nikajiambia ni mkokoteni wa maji. Mzee Bulle wa langoni naye alisema hivyo hivyo kabla hata sijamuuliza, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. "Hiyo ni mkokoteni ya maji, hiyo." Kisha akatazama chini, akatazama tena, akajiuliza mwenyewe polepole, "Sasa bunda iko wapi?" Hapakuwa na kwato. Mkokoteni usio na punda. Akaingia kibandani kwake, akafunga mlango na joto lote lile.

Mimi sikuwa nikitafuta kwato. Umenifundisha kusoma nyayo nikiwa nakusukuma, wewe mbele unaonyesha kwa kidole, mimi nyuma natokwa na jasho. Huyu ngamia ni jike. Huyu amebeba upande mmoja. Huyu mtu ana haraka, tena ana viatu vya kuazima. Ulikuwa ukisema unyayo hausemi uongo, mdomo ndio uliokwenda shule. Basi nilijua nitazame nini. Miaka yote niliyokusukuma, katikati ya mistari yako miwili palikuwa na nyayo zangu, ndala zangu zilizolika kisigino. Mtu akisoma njia yetu alituona wote wawili. Asubuhi ile katikati ya mistari palikuwa laini, mchanga haujaguswa. Na wewe mikono yako haikuwa na nguvu ya kusukuma kiti hata kuvuka zulia.

Nilimpigia Mumina. Nikamuuliza, kwa mzaha, kama kiti kipo. "Nimekikalia sasa hivi, abaayo. Naangalia maji yakiingia kwa vitunguu." Nikasikia mashine ya maji ikinguruma nyuma yake. Nikamwambia basi, nilitaka tu kujua hali.

Upepo wa mchana ulifuta kila kitu, nami nikamshukuru Mungu. Lakini kikao kilichofuata mistari ilikuwepo tena, na kilichofuata pia. Siku zisizo na kikao, hakuna. Ulikuwa hukosi kikao ungali hai, hata ile siku ya mafuriko, lakini wallahi nilidhani mauti ni udhuru unaokubalika.

Mbuzi ndio walionimaliza. Mbuzi wa mjini unawajua, hawana heshima: wanakula maboksi, wanalala barabarani, wanaingia hata msikitini wasipofukuzwa. Asubuhi moja walikuja kundi zima, wakafika kwenye ile mistari, wakasimama. Hakuna aliyewafukuza. Wakageuka, wakazunguka nyuma ya jengo lote, wakatokea upande wa pili. Mmoja alibaki ametazama ngazi ya kwanza, pale mistari inapoishia, akitikisa masikio, kama mbuzi anayesemeshwa.

Na jingine ambalo sijamwambia Mama. Asubuhi za vikao nilikuwa naamka viganja vinawaka. Hapa, chini ya vidole, mahali pa vishikio vya kiti chako. Vyekundu kabisa, kama nimekupandisha kilima. Nilikagua ndala zangu mlangoni, Eddo. Nilizikagua kama askari. Hazikuwa na mchanga mpya.

Sitakudanganya, niliogopa. Wewe ulikuwa shangazi yangu, uliniita Eddo kama nilivyokuita, kama ilivyo desturi yetu mkubwa kumrudishia mdogo jina lile lile analoitwa naye, na bado niliogopa. Lakini hofu ilikuwa ya siku za kwanza tu. Kilichobaki kikawa uchungu. Maana nilikuwa nimeelewa unafanya nini. Hukuja kututisha. Ulikuwa unakuja kazini, unafika kwenye ngazi, na unakwama. Hata kifo hakikukupandisha.

Naikumbuka siku yako ya mwisho pale. Hoja yako ya njia ya mteremko, ile mliyoiita rampu, ilikuwa imeletwa na kuahirishwa, imeletwa na kuahirishwa. Ulianza na ngazi za Bunge, ukaingia hospitali ambako meza ya kuchukulia dawa ni ndefu kuliko mtu aliyekaa, ukaingia vioski vya maji ambako bomba liko juu kama la twiga, ukaingia vyumba vya kupigia kura, ukaingia kwa mkalimani wa ishara ambaye hayupo, hata bubu akiugua anaelezewa ugonjwa wake na jirani. Bandu bandu huisha gogo, ulisema. Lakini gogo hili lilikuwa na mizizi. Kila mara palikuwa na yule Mheshimiwa mnene wa kusimama na kuuliza fedha zitatoka wapi.

Siku hiyo wahudumu wa Bunge walikuja kama kawaida kukubeba juu wewe na kiti chako. Ukainua mkono. "Leo sibebwi. Linalobebwa ni gunia la sukari." Ukaomba milango ifunguliwe yote miwili, ukakaa chini ya ngazi kwenye jua, na ukaanza kuchangia kutoka hapo. Sauti yako ilikwenda hadi ndani. Bado naisikia. "Mheshimiwa Spika, ngamia ni mnyama mkubwa, ana kiburi kuliko sisi sote humu. Lakini mtu akitaka kumpanda, anapiga goti. Jengo hili la watu halijui kupiga goti."

Spika akasema Mheshimiwa hayuko ndani ya Bunge, kwa hiyo hawezi kutambuliwa, na maneno yake hayataingia katika kumbukumbu.

"Ni kweli kabisa, Mheshimiwa Spika," ukamjibu. "Na hiyo ndiyo hoja yangu. Sina nyingine."

Wakacheka, wengine wakagonga meza, na hoja ikaahirishwa. Njiani kurudi nyumbani tukapita soko la mifugo. Kisha ukasema, "Nitaingia, Eddo. Kwa magurudumu yangu, na hakuna atakayenibeba." Baadaye ukaja ugonjwa wa kifua, ikaja Garissa tena na mashine ya hewa, na hukuwahi kufika tena pale mlangoni. Hukuwahi ungali hai, niseme hivyo.

Sasa sikiliza yaliyofuata, utafurahi.

Spika aliwahi kufika asubuhi moja, akanikuta nimesimama pale kama mlingoti. Alikuwa mtoto wa wafugaji kabla hajawa Spika, na suti haimsahaulishi mtu alikotoka. Alikunja suruali yake, akachuchumaa, akapitisha kiganja juu ya mistari bila kuigusa. Akaifuata hivyo hivyo amechuchumaa hadi kwenye ngazi.

"Hii kiti iko na mtu," akasema. Mchanga ulikuwa umekandamizwa, si wa kiti kitupu. Kisha akaonyesha pale inapoishia. "Hapa imezama zaidi. Alikaa. Alikaa sana, anangoja."

Akasimama. Akazitazama ngazi zake. Na badala ya kuzipanda, akazunguka akaingia kwa mlango wa jikoni.

Eddo, natamani ungeona. Habari ilienea, na kabla wiki haijaisha Bunge zima lilikuwa linaingilia jikoni, waheshimiwa wanapita katikati ya masufuria, wanainama chini ya kamba ya matambara, wanasoma Ayatul Kursi kwa midomo. Mlango wa jikoni ni mwembamba. Yule wa fedha zitatoka wapi alikwama pale. Mpishi alimvuta, wahudumu wakamsukuma kwa nyuma, na mwisho wakambeba. Nilicheka hadi nikalia, halafu nikalia kweli, maana hapakuwa na wa kumsimulia.

Wakamwita Sheikh. Sheikh akasema wazi kwamba maiti harudi, na mwenye kuamini vingine atubu leo. Wote wakashusha pumzi. "Lakini ngazi zipo," akaendelea, "nimezipanda sasa hivi na magoti yangu ni shahidi. Kuondoa udhia njiani ni sadaka. Mlikuwa mnangoja nini?"

Hoja yako ikaletwa. Hakuna aliyesimama kupinga. Hakuna aliyeuliza fedha zitatoka wapi. Hakuna aliyetaja sababu. Lililokuwa halina fungu likapata fungu, na fundi akaitwa kutoka Garissa, Kyalo, mtu wa Kitui asiye na habari ya lolote. Alipanga mawe, akashindilia kifusi, akamwaga zege. Asubuhi ya jana akapaka saruji ya mwisho, ile laini ya juu, akaisawazisha kwa mwiko hadi ikang'aa kama maziwa kwenye bakuli. Siku ya kikao, lakini kikao cha mchana. Mchangani hapakuwa na mistari. Niliangalia. Nikafikiri, basi, ameridhika, na moyo wangu ukaanguka badala ya kupanda. Nilikuwa nimekuzoea.

Kyalo na vijana wake wakavuka hadi kibanda cha chai, nami nikawafuata. Wakaagiza mkate wa anjera na ini. Tulikuwa tumeipa rampu mgongo. Kyalo alikuwa ananieleza kwamba saruji ya huku hukauka haraka kuliko ya kwao.

Viganja vyangu vikawaka.

Korongo wote wakaruka kutoka juu ya paa kwa mara moja, bila kelele, zile mbawa tu. Tukageuka.

Ilianzia chini, ikapanda hadi mlangoni. Mistari miwili, wa kushoto unaburuta. Haikuyumba, haikupumzika katikati. Hakuna iliyoshuka. Pembeni saruji ilikuwa safi, hakuna unyayo wa mtu, hakuna wa mbuzi, na barabara nzima hakuna mkokoteni. Kyalo alisema neno la Kikamba ambalo sikulielewa lakini niliafiki. Kisha, fundi ni fundi, akashika mwiko wake na kwenda kufuta.

"Wacha. Iwache ikauke."

Ni Spika. Alikuwa juu, mlangoni, amejibana ubavuni mwa mlango, tumbo amelivuta ndani, kama mtu anayempisha mwingine apite. Sikumuuliza alikuwa amesimama pale tangu lini. Uso wake haukuwa wa kuulizwa. Alikuwa ametazama ndani ya ukumbi, si nje kwetu, na kabla hajaingia aliinamisha kichwa kidogo, namna wanavyofanya Mheshimiwa anapotambuliwa.

Mimi nilivuka barabara hadi pale mteremko unapoanza. Nilizitazama zile alama zako na ule upweke wa katikati yake. Nikafikiri, mtu atakuja kuzisoma, leo au mtoto wa mtoto wa mtu, na atasema mwanamke huyu hakuwa na mtu nyuma yake. Hilo sikuweza kulivumilia. Saruji ilikuwa bado laini. Nikakanyaga na ndala zangu katikati ya mistari yako, mguu wa kulia, mguu wa kushoto, mahali pale pale ambapo ningeegemea kuanza kukusukuma. Nikatoka kwa nyuma. Kyalo alinitazama tu, nadhani ameshaamua kwamba sote huku tuna wazimu mmoja.

Najua ulisema hakuna atakayekubeba. Sikukubeba. Nilisimama nyuma yako tu, kama siku zote.

Leo kulikuwa na kikao tena. Nilikwenda mapema. Mchanga ulikuwa safi, na mbuzi wamelala juu ya rampu yako kama waliijenga wao. Viganja vyangu vimetulia. Nimevinusa, kama mjinga, kutafuta harufu ya uunsi, ule ubani wa shali yako, sijaipata. Nimekukosa, Eddo, leo kuliko siku tuliyokuzika. Hata woga wangu nimeukosa.

Wameanza kusema watatandika vigae pale juu, papendeze. Nakuahidi havitatandikwa nikiwa hai. Nitakaa juu yake kama wale mbuzi. Na kesho nakwenda hospitali na ile hoja yako ya meza ya dawa, maana nayo bado haijui kupiga goti. Nitaweka kiti changu mbele yake na kuongea hadi wanitambue. Sina sauti yako, lakini wanajua nilikuwa namsukuma nani.

Ulikoingia, kaa. Hakuna atakayeniita Eddo tena, kwa hiyo naliandika mwenyewe hapa mwisho, mara moja, lisipotee.

Allah ha kuu naxariisto, Mungu akurehemu. Pumzika.

Eddo wako,
Sahara